Betri ya Pili na Kibegi Chake

Kamera yangu ni ndogo, inaenea kwenye kiganja. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Mpanda, naye akanipa pamoja na chaja yake na betri moja. Kwa miaka mingi niliibeba ndani ya soksi. Ilikuwa soksi nene ya kijivu, nyingine yake ilishapotea. Mama alipoiona mara ya kwanza alicheka hadi akashika ukuta. Alisema hajawahi kuona kamera inavaa soksi halafu mwenye kamera anatembea na kandambili.

Sasa ina kibegi. Ni cheusi, kina zipu na kitanzi cha kupitisha mkanda wa suruali, na ndani yake pembeni kuna kimfuko cha kuwekea betri ya akiba. Betri hiyo imo. Watu wa Majengo, ninakoishi, wananiambia kwamba sasa naonekana mpiga picha kweli. Nawaitikia. Siwaambii kwamba vitu hivi viwili nilivinunua nikiwa nimeshachelewa. Naandika jinsi ilivyokuwa kwa sababu nimeshaisema mara moja kwa mdomo, mbele ya watu, na bado inanikaa kifuani.

Mimi niliishia darasa la saba. Kupiga picha nilijifunza kwa kumfuata mzee mmoja kwenye sherehe, nikimshikia taa na mwavuli. Siku hizi simu zimetupunguzia kazi, kila mtu ana picha zake mfukoni, lakini picha ya karatasi bado inatakiwa. Inatakiwa kwa fomu za shule, kwa ubatizo, kwa harusi, na kwa misiba. Mimi napiga, napeleka studio moja pale Kashaulili wananisafishia, kisha nampelekea mtu picha yake ikiwa ndani ya bahasha.

Katika kazi yetu kuna kitu tunakiita kupiga hewa. Mtu amekuja kwenye sherehe, amependeza, amejipanga mbele yako, na wewe chaji imebaki kidogo na unaitunza kwa ajili ya maharusi. Hutaki kumvunja moyo. Unainua kamera, unahesabu moja, mbili, tatu, unasema tayari, na hujapiga kitu. Yeye anaondoka akiwa amefurahi. Mzee aliyenifundisha kazi alinifundisha na hili, siku ile ile aliyonifundisha kushika kamera isitikisike, wala hakunong'ona. Nimewapiga hewa watoto wengi, walevi wengi, na wajomba wengi wa maharusi. Sikuwahi kuona kama ni uongo. Niliona ni namna ya kuwa na adabu kwa watu wengi kwa betri moja.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, binti wa dada yangu alipokea komunyo ya kwanza kijijini kwetu Kapalamsenga, kando ya ziwa. Tuko wawili tu wa tumbo moja, dada na mimi. Dada ndiye aliyebaki nyumbani na mama, mimi ndiye niliyetoka. Nilikwenda na kamera, betri ikiwa imejaa. Chaja niliiacha Mpanda juu ya meza kwa sababu nilijua nitalala usiku mmoja tu.

Sikufikiria idadi ya wazazi. Nilipotoka kanisani kila mmoja alitaka picha ya mwanawe akiwa na mshumaa, halafu na msimamizi wake, halafu na ukoo mzima. Niliwapiga wote na kuandika majina yao kwenye daftari. Wengine walinifuata hadi nyumbani kwetu. Mama muda wote huo alikuwa nyuma ya nyumba kwenye moto, anakaanga samaki aina ya migebuka na kusimamia wali. Mara mbili tatu alipita mbele ya kamera akiwa amebeba sufuria, nami nikamwambia apishe kidogo.

Watu waliposhiba alikuja kwangu akijifuta mikono kwenye kanga. Mama alikuwa ananiita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

“Baba, mimi nataka picha ya peke yangu,” alisema. “Ya kutangulia mbele ya jeneza.”

Dada alimwambia asilete mambo hayo siku ya komunyo. Mama akasema yeye haleti kitu, anaomba picha. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amefariki jirani yetu, mama mmoja wa umri wake, na kwa kuwa hakuwa na picha yoyote walikuza ile ya kwenye kadi ya mpiga kura, wakaitia kwenye fremu.

“Nyie si mlimwona alivyopelekwa?” mama alisema. “Macho yamemtoka kama amekamatwa na kuku wa watu. Watu wanalia, yeye anawatazama hivi.” Akatutolea macho. Tulicheka wote, hata dada. “Mimi sitaki kuagwa na sura ya mwizi. Kwenye kadi yangu niko vile vile, nimeiangalia.”

Nikamwambia aende akavae.

Alioga kwanza. Wakati anaoga, mwalimu wa kwaya alikuja na wanakwaya wake akaomba picha moja ya pamoja. Alama ya betri ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Nilijua. Nilijiambia itabaki ya kumtosha mama, na mwalimu wa kwaya alikuwa mteja. Nikawapiga. Walijipanga vibaya, nikawapiga tena.

Mama alitoka amevaa kitenge cha njano kilichoshonwa gauni na kilemba chake, uso umepakwa mafuta, miguuni viatu vya kanisani. Alibeba kiti mwenyewe. Alikifuta kwa kiganja, akakiweka mbele ya mlango, akakaa, mikono juu ya magoti. Watu walinyamaza wamtazame. Nikaiwasha kamera. Lenzi ilitoka, ikasita, ikarudi ndani, na kioo kikawa cheusi. Nikaiwasha tena. Haikuamka.

Ningeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu, chaji imeisha. Angesikitika, angecheka kamera ya kuvaa soksi, angenitania hadi kesho yake. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi nilikuwa mtoto aliyetoka mjini na kamera, na yeye alikuwa ameshapaka mafuta. Mkono ulifanya kile ulichozoea. Niliinua kamera, nikahesabu moja, mbili, tatu.

“Tayari, mama.”

“Mbona haikuwaka?” aliuliza. “Kanisani ilikuwa inawaka.”

“Nje kuna jua. Haihitaji taa.”

“Nione.”

“Utaiona kwenye karatasi,” nilisema. “Humu unaonekana mdogo.”

Aliridhika. Alibaki amekaa pale kwenye kiti kwa muda, mikono bado iko magotini, kama mtu ambaye ladha ya kitu kizuri haijamtoka mdomoni. Kisha akaenda kubadilisha nguo aoshe vyombo.

Kesho yake nilirudi Mpanda. Njiani nilijiambia kwamba nitanunua betri nyingine, nitarudi kabla ya mvua, nitamwambia ile ya kwanza haikutoka vizuri tupige upya. Huo ungekuwa uongo wa nne, na niliuona mdogo. Pale Kashaulili kuna duka la vifaa vya simu, na muuzaji wake ni mama mmoja mwenye vitu vya zamani ambavyo wengine hawaweki tena. Nyuma ya kava za simu alikuwa na pakiti moja yenye betri ya kamera kama yangu na kibegi, vinauzwa pamoja. Niliishika. Niligeuza nyuma na mbele. Nilikuwa na uwezo wa kuinunua siku ile, sitaki kusema vingine. Nikairudisha, na badala yake nikanunua pazia la picha, lile lenye mchoro wa bustani na ngazi za ghorofa, kwa sababu watu wa Mpanda walikuwa wanalipenda.

Mama alikuwa anapiga simu kwa simu ya dada. Baada ya salamu na habari za samaki na za kuku aliuliza jambo lile lile.

“Imesafishwa?”

Picha za wazazi zilikuwa zimeshafika, kwa hiyo nikamwambia yake nataka ikuzwe na mashine ya studio ni mbovu. Mara nyingine nikamwambia karatasi zimekwisha, zinasubiriwa kutoka Dar. Hakukasirika hata mara moja.

“Mwambie huyo mwenye mashine kwamba mama yako anazeeka,” alisema. “Akichelewa sana ile sura itakuwa si yangu.”

Nilicheka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la studio wakati ananiambia hivyo, na mashine nyuma yangu ilikuwa inatoa picha za watu.

Krismasi sikwenda, nilikuwa na kazi za harusi. Mvua zikaanza. Mama aliugua homa siku tatu, siku ya nne asubuhi dada akanipigia. Alilia kwanza, nami nikalia. Kisha akanyamaza, akapenga kamasi, akaanza kusema mambo ya kufanya, kama anavyofanya siku zote.

“Njoo na ile picha yake,” alisema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nakumbuka kuku wa jirani alikuwa anajikung'uta maji. Hata wakati ule njia ya kusema ilikuwepo, na dada alikuwa peke yake kwenye simu. Nikamwambia kadi ya kamera iliungua, ikaondoka na picha zote za mama.

Alikata simu. Baadaye ikaingia meseji yenye picha ya kadi ya mpiga kura ya mama, ameipiga kwa simu juu ya meza.

Mimi mwenyewe niliipeleka studio. Fundi aliikuza, akafuta maandishi, akaweka rangi ya bluu nyuma. Macho hakuweza kuyafanya lolote. Aliniuliza kama hakuna nyingine. Nikamjibu hakuna. Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililosema kuhusu picha ile. Nikachagua fremu, nikaifunga kwa gazeti na nailoni kwa ajili ya mvua, nikaipakata hadi Kapalamsenga.

Siku ya mazishi walitafuta mtu wa kubeba picha mbele. Dada akanitazama akasema, “Wewe ndiye mwenye kazi ya picha. Shika.” Nadhani alisema kwa upendo. Nikaibeba kifuani, uso wa mama ukitazama mbele. Anayebeba picha haioni. Wanaoiona ni wale waliosimama kando ya njia, na mimi nilikuwa nawaona wao. Niliwaona wakiinua macho, wakimtazama, kisha wakitazama chini. Wengi wao walikuwepo siku ya komunyo. Walimwona amekaa kwenye kiti na gauni la njano, na walisikia nikihesabu.

Kwetu tukifiwa hatukati nywele hadi siku ya kumaliza msiba. Nilirudi Mpanda nywele na ndevu zikiota ovyo, nikaendelea na kazi kidogo kidogo. Siku ya arobaini ilipokaribia, dada alipiga simu. Alikuwa amemsikia mwalimu mmoja anasema kwamba kadi za kamera hata zikiungua kuna watu wanazifufua. Akasema nisiitupe ile kadi, niende nayo nyumbani, yeye atampa mwalimu aipeleke anakojua.

“Hata kama itatoka nusu,” alisema. “Hata kilemba tu.”

Nikamwambia sawa.

Kesho yake nilikwenda Kashaulili, kwenye lile duka. Sijui vizuri nilikuwa nafikiri nini. Labda nilidhani nikienda nyumbani na betri mbili na kibegi kipya, nikiwapiga wazee wetu wote waliobaki, kile kitu kitajifidia chenyewe na sitahitaji kufungua mdomo. Muuzaji alinitazama kichwani kabla ya kunitazama usoni.

“Hizo nywele ni za msiba au za mtindo?” aliuliza.

Nikamwambia za msiba, wa mama. Akanipa pole, akaacha kutania kwa muda wa kunitolea stuli. Nilimwuliza kama ile pakiti ya betri na kibegi bado ipo. Alipanda juu ya kreti, akapapasa nyuma ya kava za simu, akaitoa ina vumbi.

“Hii imekaa hapa kama mke mkubwa,” alisema. “Mwaka jana kuna mtu aliishika, akaigeuzageuza, akaniachia hapa.”

“Ni mimi,” nilisema.

“Kumbe. Na leo umeirudia kwa hamu gani, na watu wote wana simu?”

Niliitoa kamera kwenye soksi, nikaiweka mbele yake. Alifungua pakiti akaniambia tulinganishe. Tuliziweka betri zangu mbili juu ya kaunta, ya zamani na mpya, akazigeuza kuona kama vile vyuma vya kugusia viko mahali pamoja. Betri mpya ilikuwa na chaji kidogo ya kiwandani. Niliitia kwenye kamera, nikaiwasha, na lenzi ikatoka yote bila kusita. Ikatoa ule mlio wake. Nilielekeza kwenye rafu ya chaja, nikabonyeza, picha ikatokea kwenye kioo, chaja tupu zinaning'inia. Kitu kilichonishinda siku ile kilichukua muda wa kupepesa jicho. Nikakaa kwenye ile stuli.

Alidhani ni uchovu wa msiba. Alinionyesha kibegi, akaingiza kamera, ikaenea, akaingiza betri ya zamani kwenye kimfuko cha pembeni. Alinisifia kwamba sasa naweza kupiga harusi mbili kwa siku bila kukimbilia umeme. Nilimwuliza, kama swali la kupita tu, juu ya kadi zilizoungua.

“Zinafufuka,” alisema. “Si zote, lakini nyingi. Ila mtu asije akamdanganya mwenzake. Fundi anatoa kilichowekwa. Kama hukupiga, atatoa nini?”

Alisema hivyo huku anahesabu kava zake, wala hakunitazama. Soksi niliitia mfukoni. Nilishindwa kuitupa.

Nyumbani nikaitoa ile kadi ya kamera na kuiangalia. Haikuwa imeungua. Ilikuwa na picha zote za komunyo, watoto, mishumaa, wasimamizi, kwaya mara mbili. Nilizipitia zote nikimtafuta mama nyuma ya watu. Nilipata kiwiko chake. Nilipata sufuria na mikono miwili iliyoishika, na juu ya mikono hiyo bega la msimamizi wa mtoto wa watu. Nilipata upindo wa kanga ukitoka kwenye picha, kwa sababu nilikuwa nimemwambia apishe.

Nilifika Kapalamsenga siku moja kabla ya arobaini. Dada aliniuliza kama kadi ninayo, nikasema ninayo. Aliona kibegi kiunoni akasema kimenipendeza. Picha ya kwenye fremu ilikuwa ukutani sebuleni. Nililala nikiwa nimeipa mgongo.

Asubuhi, baada ya sala, tulikaa uani kwa ajili ya kunyoa. Hii ni desturi ya ukoo wetu. Ndugu wa tumbo moja hawanyolewi na kinyozi, mkubwa ndiye anayemnyoa mdogo wake. Mkubwa ananyoa upande mmoja wa kichwa kisha anasimama, anamuuliza mdogo wake kama ana neno. Mara nyingi mtu hujibu hana, na wembe unaendelea. Wakati mwingine husema labda hakuitwa kwenye kikao fulani, au alinyimwa kanga ya marehemu, wanayamaliza hapo hapo mbele ya watu. Ukinyolewa upande wa pili huku umeficha neno, kwetu wanaamini msiba wako unabaki haujaisha. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa amekaa kwenye mkeka akisimamia. Wazee wa ukoo walikuwa kama kumi na watano.

Dada alinilowanisha kichwa kwa maji ya sabuni. Mkono wake mwepesi, kama wa mama. Alininyoa upande wa kulia hadi katikati, akafuta wembe kwenye sahani.

“Una neno, mdogo wangu?” aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya desturi tu. Alishainua wembe tena.

“Ninalo,” nilisema.

Mkono ukasimama.

“Kadi haikuungua. Ile picha ya mama haipo. Siku ile betri ilikuwa imekwisha, nikampiga hewa.”

Nilikuwa nimeinama, naona miguu yake tu na povu lililodondoka. Aliniuliza kupiga hewa ni nini. Nikamweleza. Niliongea kwa sauti ili mjomba naye asikie, kwa sababu nilijua nikisema kwa kunong'ona nitakuwa nimesema nusu. Nilisema na habari ya kwaya. Nilisema kwamba betri ilikuwepo dukani na kwamba niliishika.

“Kwa hiyo alikaa pale,” dada alisema.

“Ndiyo.”

“Na gauni lake.”

“Ndiyo, dada.”

“Akawa ananiuliza kila Jumapili kama umepiga simu.”

Aliweka wembe kwenye sahani, akaenda nyuma ya nyumba. Shangazi mmoja alitaka kumfuata, mjomba akamzuia. Kisha mjomba akasema, polepole, kama mtu anayeangalia kitu alichookota, kwamba wao wote walikuwa pale na wote walimwona akipigwa. Nilisema ndiyo, mjomba. Halafu akasema kwamba kichwa hakiwezi kukaa hivyo, aletewe wembe amalizie yeye. Nikamwambia hapana, nasubiri. Sijawahi kumkatalia mjomba jambo kabla ya siku hiyo.

Nilikaa nusu nimenyolewa, sabuni inanikaukia upande mwingine. Jua likapanda. Hakuna aliyenitukana, na nilitamani mtu anitukane.

Dada alirudi amenawa uso. Alibeba kile kiti. Alikifuta kwa kiganja, akakiweka mbele ya mlango, mahali pale pale.

“Hiyo kamera inafanya kazi?”

“Inafanya.”

“Ina chaji?”

“Ina chaji. Na betri nyingine ipo, imejaa.”

“Umenunua lini?”

“Wiki iliyopita.”

“Wiki iliyopita,” alisema. Alikitazama kibegi, wala hakusema tena kwamba kimenipendeza. Kisha akamgeukia mjomba. “Mjomba, kaa hapa. Upigwe, uione, ndipo uinuke. Na mwingine hivyo hivyo.”

Kwa hiyo nikawapiga, mmoja mmoja, nikiwa na kichwa cha nusu. Mjomba alipoletewa kioo cha kamera karibu na macho alijitazama muda mrefu. Akasema, “Kumbe hivi ndivyo nilivyo, na nyie mmeniacha natembea barabarani?” Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Shangazi alikataa picha ya kwanza, akasema amefumba macho, akakaa tena, akaikataa na ya pili kwa sababu ya kilemba. Nilimpiga mara nne. Kila mmoja nilimshikia kioo mpaka aseme basi. Hakuna aliyeniamini kwa neno tayari, na dada alikuwa amesimama nyuma yangu akiangalia juu ya bega langu kila nilipobonyeza.

Kwa mzee wa kumi na mmoja betri ilikwisha. Lenzi ikarudi ndani. Walinyamaza wote, kama walivyonyamaza siku ile. Nilifungua kibegi, nikatoa betri kwenye kimfuko, nikabadilisha. Niliigeuza vibaya mara ya kwanza. Kubadilisha betri ni kazi ndogo kabisa. Kamera ikaamka.

Walipokwisha wote nikamwonyesha dada kiti. Nilikishika tu mgongoni. Alikitazama. Yeye ndiye anayefanana na mama kuliko mtu yeyote kwenye ukoo, na nadhani alijua ninachofikiri.

“Mimi bado,” alisema. “Siku nitakayokuamini nitakuambia.”

Alichukua maji mapya, akaweka sabuni.

“Na sijakusamehe,” alisema. “Inamisha kichwa.”

Nikainamisha. Alininyoa upande uliobaki, taratibu, hakunikata hata mahali pamoja.

Picha za wazee nilizisafisha wiki hiyo hiyo, nikazituma kwa dereva wa basi, kila moja kwenye bahasha yake yenye jina. Dada alipiga simu kusema zimefika, akakata. Kupiga hewa nimeacha, na kwenye sherehe watu wengine wananiona nina roho mbaya ninapowaambia chaji imebaki ya maharusi tu. Kila Jumamosi nachaji betri zote mbili. Moja naitia kwenye kamera, nyingine kwenye kimfuko chake, nafunga zipu. Kwenye daftari langu, chini ya majina ya wazee kumi na watano, nimeandika dada, na mbele ya neno hilo bado sijaweka alama ya kuonyesha kwamba picha yake imepigwa.